Neno Kabla ya Pigo: Usimulizi wa Filamu za Kung Fu Katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Utangulizi

Uhakiki wa sanaa za maonyesho katika Afrika ya Mashariki umejishughulisha zaidi na tamthilia iliyoandikwa. Na pale ulipotoka nje ya kitabu, umeelekea kwenye ngoma, majigambo, matambiko na utambaji wa ngano. Ipo sanaa moja ambayo haijapewa nafasi inayostahili katika mijadala ya idara za Kiswahili, ingawa hadhira yake haihitaji kushurutishwa na mwalimu wala mtihani ili iifuate. Nayo ni usimulizi wa filamu za kigeni, hasa filamu za mapigano ya Kichina, unaofanywa na msimulizi ambaye sauti yake ya Kiswahili huwekwa juu ya picha.

Komarock ni mahali pafaapo kuanzia. Mtaa huu uko mashariki ya Nairobi, kando ya barabara ya Kangundo, ukipakana na Kayole. Si mtaa mkongwe kama Pumwani. Nyumba zake zilijengwa kwa mpango, na wakazi wake wametoka pande nyingi za Kenya. Kiswahili hapo si urithi wa kabila moja, bali ni lugha ya ngazini, dukani na ndani ya matatu. Filamu ya Hong Kong humfikia mkazi wa mtaa kama huu ikiwa tayari imeshapata msimulizi wake: katika matatu yenye televisheni, katika vyumba vya video, au sebuleni. Picha ni ya Guangdong, mavazi ni ya enzi ya nasaba ya Qing, lakini anayesema ni Mkenya, naye husema kana kwamba ugomvi wote umezuka nyuma ya nyumba ya jirani.

Sanaa hii hushutumiwa kwa njia mbili. Wapo wanaosema kwamba inaharibu Kiswahili. Wapo pia wanaosema kwamba ni tafsiri mbaya, kwa kuwa msimulizi hubuni maneno ambayo wahusika hawakuyasema. Shutuma zote mbili zina chembe ya ukweli, lakini zote zinapima kitu kingine. Ya kwanza inampima msimulizi kama mwalimu wa lugha. Ya pili inampima kama mkalimani. Msimulizi si huyu wala si yule. Ni mtendaji, na kazi yake yapasa kupimwa kwa swali lililo la asili katika sanaa yenyewe ya mapigano ya jukwaani: je, neno lake linalipa pigo sababu? Ili kuona kwa nini swali hili ndilo lifaalo, ni lazima kwanza kurudi mahali zilikotoka filamu hizo, yaani kwenye jukwaa la Kikantoni.

Jukwaa la Guangdong

Opera ya Kikantoni, ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, imejengwa, kama opera nyingine za Kichina, juu ya ufundi wa aina nne: kuimba, kunena, kuigiza na kupigana. Kupigana kunatajwa mwisho, na wala si kwa bahati. Mpiganaji wa jukwaani hafumbuki tu na kurusha teke. Kwanza huimba au hunena: ametoka wapi, amedhulumiwa nini, anamdai nani. Pigo ni hitimisho la hoja iliyokwisha kutolewa kwa wimbo.

Makundi ya opera hiyo yalikuwa yakisafiri katika mito ya Guangdong kwa majahazi yaliyopakwa rangi nyekundu, na waigizaji wake waliitwa watu wa majahazi mekundu. Mwaka 1854, mwigizaji Li Wenmao aliongoza wenzake wa jukwaani katika uasi dhidi ya utawala wa Qing. Waigizaji walioigiza majemadari wakawa majemadari. Utawala ulijibu kwa ukatili: jumba la chama cha waigizaji katika mji wa Foshan liliteketezwa, na opera ya Kikantoni ikapigwa marufuku kwa zaidi ya miaka 10.

Ngano za mapigano zinaizunguka historia hiyo. Inasimuliwa kwamba hekalu la Shaolin la kusini liliunguzwa na watawala, na kwamba miongoni mwa waliookoka alikuwamo mtawa wa kike, Ng Mui, aliyemfundisha msichana aitwaye Yim Wing-chun namna ya kupigana iliyokuja kubeba jina la msichana huyo. Inasimuliwa pia kwamba ufundi huo ulifika kwenye majahazi mekundu, ukashikwa na waigizaji Wong Wah-bo na Leung Yee-tai, nao wakamrithisha tabibu wa Foshan, Leung Jan. Hata upondo mrefu wa kusukumia jahazi unahesabiwa kuwa mojawapo ya silaha za ufundi huo. Mwanahistoria ana haki ya kuitilia shaka silsila hii. Mhakiki wa fasihi hutazama jinsi inavyofanya kazi: inaunganisha jukwaa, jahazi na uasi, na inamweka mwanamke kwenye chimbuko la ufundi ambao watu wengi hudhani ni wa wanaume peke yao.

Filamu za Hong Kong ni watoto wa jukwaa hilo kwa damu. Kwan Tak-hing, aliyeanza mwaka 1949 kuigiza nafasi ya bingwa Wong Fei-hung na kuendelea nayo katika filamu zaidi ya 70, alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni. Bruce Lee alizaliwa San Francisco mwaka 1940 wakati baba yake, Lee Hoi-chuen, alipokuwa Marekani kwa ziara ya kundi la opera. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera ya Kipeking mjini Hong Kong chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Vijana wa Nairobi walioiga miruko yao walikuwa wakiiga, pasipo kujua, hatua za jukwaani.

Sauti Iliyobandikwa

Jukwaa lilipogeuka filamu, pigo lilihama vizuri kuliko wimbo. Kamera hulipenda pigo: hulikaribia, hulipunguza mwendo, hulirudia. Wimbo, ambao ulikuwa ndio hoja ya pigo, ulipungua na hatimaye ukatoweka katika filamu nyingi. Hali hiyo ilizidi filamu zilipouzwa nje ya nchi, ambako hata mazungumzo yaliyobaki yaliandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, katika lugha ambayo watazamaji wengi hawakuimudu au hawakuwa na muda wa kuisoma.

Hapa ndipo hoja ya kwamba msimulizi anaiharibu sauti ya asili inapodhoofika. Kwa miaka mingi filamu za Hong Kong zilipigwa bila sauti, na maneno yakabandikwa baadaye studioni. Mara nyingi aliyesikika hakuwa yule aliyeonekana. Isitoshe, lugha iliyobandikwa haikuwa lazima iwe ya watu waliosimuliwa. Filamu nyingi za mapigano za mwanzo wa miaka ya 1970 zilitolewa kwa Kimandarini, ijapokuwa mashujaa wake walikuwa watu wa Guangdong. Kikantoni kilikuwa kimekaribia kutoweka kabisa katika sinema hadi mwaka 1973, ilipotoka filamu The House of 72 Tenants iliyotokana na mchezo wa jukwaani, ikawavuta watazamaji kwa wingi na kukirudishia Kikantoni heshima yake. Yaani jukwaa ndilo lililoirudishia filamu lugha ya watu wake.

Kwa hiyo msimulizi wa Kiswahili hakuingia katika nyumba iliyokuwa kamili akaibomoa. Aliikuta nyumba ambayo sauti yake ilikuwa imebandikwa tangu mwanzo, na wimbo wake ulikuwa umeng'olewa. Alichofanya ni kubandika sauti yake mwenyewe. Linalobaki kuulizwa ni kama sauti hiyo inaliziba pengo lililoachwa na wimbo.

Msimulizi kama Mtendaji

Usimulizi wa filamu umeenea katika nchi zote tatu jirani, kila moja kwa namna yake. Dar es Salaam, Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu alikuwa miongoni mwa waliouanzisha, na filamu za namna hiyo hutazamwa katika kibanda umiza. Kampala, wasimulizi kama VJ Jingo hufanya kazi yao kwa Kiganda, na sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu isiyotenganishwa na filamu ya Uganda yenyewe, Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Nairobi, jina linalotajwa kwanza ni la DJ Afro. Mwenendo wa lugha unafaa kuzingatiwa hapa. Mtanzania husema kwamba filamu "imetafsiriwa" na fulani. Mkazi wa Nairobi husema tu kwamba ni filamu "ya DJ Afro". Mwongozaji wa Hong Kong amesahauliwa. Filamu imekuwa mali ya aliyeisimulia, kama vile ngano inavyokuwa ya bibi aliyeitamba jioni ile.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walitaja mambo manne yanayoifanya sanaa iwe ya maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Usimulizi wa filamu unatimiza yote manne, lakini kwa namna inayoyasumbua. Watendaji ni wawili: mmoja anaonekana wala hasikiki, mwingine anasikika wala haonekani. Uwanja nao ni wawili: uwanja wa vita ulio ndani ya kioo, na kibanda au matatu ambamo watazamaji wameketi. Msimulizi husimama mpakani mwa nyanja hizo. Huweza kumwonya shujaa aliye ndani ya kioo, kisha papo hapo akamgeukia mtazamaji na kumwambia kwamba shujaa huyu hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Sharti la nne ndilo gumu zaidi. Katika kibanda cha Kampala ambamo msimulizi yupo mwenyewe na kipaza sauti chake, watazamaji humjibu, naye huyajibu majibu yao. Msimulizi wa Nairobi aghalabu hurekodi sauti yake mara moja, na diski ikasafiri peke yake. Mtambaji wa ngano akiona watoto wanasinzia hubadili mwendo. Msimulizi aliyerekodiwa hawezi. Inambidi awabuni watazamaji wake kabla hawajafika, awacheke pale anapokisia kwamba watacheka. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake, yaani kuwaita watazamaji, kuwauliza, kuwatania na kuwataka radhi, ni juhudi za kuiumba upya hadhira ambayo mashine imemnyima. Katika hili anakaribiana na mtangazaji wa kandanda wa redioni. Marehemu Leonard Mambo Mbotela aliwafanya Wakenya wengi wauone mpira wasiouona. Msimulizi wa filamu anawafanya wasikie maneno yasiyosemwa.

Kipimo Kutoka Pwani

Ikiwa neno ndilo linalolipa pigo sababu katika jukwaa la Kikantoni, mtu anaweza kuuliza kama kipimo hicho si cha kigeni kwa sanaa ya Kiswahili. Ushahidi wa Pwani unaonyesha kwamba si cha kigeni hata kidogo.

Fumo Liyongo, shujaa ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, anakumbukwa kwa nguvu zake. Lakini katika kisa chenyewe nguvu hizo hazimtoi gerezani. Kinachomtoa ni neno. Anampa kijakazi Saada ujumbe wa mafumbo ampelekee mama yake. Mama anaufumbua, anaoka mkate na kuficha tupa ndani yake. Kisha ngoma ya gungu inapigwa, na kelele za ngoma na nyimbo zinaifunika sauti ya tupa inayokata pingu. Hata baada ya mwanawe kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, mwili wake unabaki umepiga magoti kisimani, umeshika upinde, na mji mzima unaogopa kuteka maji. Mama ndiye anayeitwa aende akambembeleze kwa maneno. Utendi wote unafuata kanuni hiyo: nguvu haina maana mpaka neno liifungulie njia.

Kirumbizi cha Lamu kinathibitisha jambo hilo hilo kwa vitendo. Watu wawili wanaingia uwanjani na bakora, wanarushiana na kukingiana. Lakini hawaingii kimya. Zumari na ngoma huwatangulia, na mwendo wao hufuata mwendo wa zumari. Anayepiga nje ya mdundo, hata akimpata mwenzake, hahesabiwi kuwa fundi. Basi mzee wa Lamu akionyeshwa opera ya Kikantoni hatahitaji kuelezwa kwa nini wapiganaji wanasubiri ngoma.

Filamu Moja kama Mizani

Kipimo kinahitaji kitu cha kupimia. Filamu ya Sammo Hung, The Prodigal Son, iliyotoka Hong Kong mwaka 1981, inafaa kuliko nyingine nyingi, kwa kuwa inahusu kundi la opera ya Kikantoni mjini Foshan, na wahusika wake ni watu wa silsila iliyotajwa hapo juu. Msimulizi yeyote anayetaka kuisimulia filamu hii atakutana na vikwazo vitatu, na kila kimoja kinaonyesha mpaka wa sanaa yake.

Kikwazo cha kwanza ni Leung Yee-tai. Kijana tajiri, ambaye baadaye atakuwa tabibu Leung Jan, anajiona bingwa asiyeshindika, kumbe baba yake amekuwa akiwahonga washindani ili washindwe. Anayemfungua macho ni mwigizaji ambaye nafasi zake jukwaani ni za wanawake. Msimulizi wa mtaani ana kichekesho tayari mdomoni: mwanamume aliyevaa nguo za kike. Kichekesho hicho hakikosi kuchekesha, na filamu yenyewe inacheka. Lakini msimulizi akiishia hapo atakuwa amepoteza kiini cha kisa, kwamba mtu aliyejipaka rangi usoni ndiye mkweli pekee mjini, na kijana asiyejipaka chochote ndiye anayeishi katika maigizo. Atakuwa pia amewasahau Ng Mui na Yim Wing-chun, wanawake ambao bila wao ngano yote haina mwanzo. Usimulizi wa mitaani una desturi ya kumfanya mwanamke kuwa mzaha. Kwa filamu za silsila hii, desturi hiyo haiwi ukosefu wa adabu tu. Inakuwa pia kutoielewa hadithi.

Kikwazo cha pili ni usiku wa moto. Mwana wa mtawala, Ngai Fei, anapigana na Leung Yee-tai, na katikati ya pambano Yee-tai anashikwa na pumu. Ngai Fei anakataa kumpiga mgonjwa; anataka ushindi wa haki. Usiku huo walinzi wake, pasipo yeye kujua, wanavamia, wanawaua waigizaji na kuliteketeza jumba lao. Mtazamaji anayeijua historia ya Foshan hawezi kuutazama moto huo bila kukumbuka jumba la chama cha waigizaji. Hapa msimulizi anapata nafasi adimu: sentensi mbili tu zingemwezesha kijana wa Komarock ajue kwamba jukwaa liliwahi kuunguzwa kwelikweli kwa sababu waigizaji walithubutu. Mkenya hahitaji kusafiri mbali kulielewa jambo hilo. Mwaka 1977 serikali ya Kenya iliizuia tamthilia ya Kikuyu Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kule Kamĩrĩĩthũ, na mwaka 1982 uwanja wake wa maonyesho ukabomolewa. Desturi ya msimulizi katika nafasi kama hiyo ni kuongeza kasi, kuhesabu maiti na kusukuma kisa kuelekea kisasi. Kasi ina mahali pake. Lakini kifo kisichosimamiwa na neno hugeuka tarakimu.

Kikwazo cha tatu ndicho kigumu kuliko vyote. Lugha ya watazamaji wa Afrika ya Mashariki inamjua "steringi", ambaye hafi, na "adui", ambaye hana budi kufa. Mgawanyo huu unamsaidia sana msimulizi, kwa sababu unampa mtazamaji njia ya kushika kisa hata akikisikiliza nusu nusu katikati ya kelele za abiria. The Prodigal Son inaukataa mgawanyo huo. Ngai Fei ni kioo cha Leung Jan. Wote wawili ni wana waliolindwa na baba zao: mmoja kwa fedha, mwingine kwa mapanga. Mmoja ameigundua aibu hiyo mapema, mwingine amechelewa. Pambano la mwisho linaumiza kwa sababu wanaopigana wangeweza kuwa ndugu. Msimulizi anayemwita mmoja steringi na mwingine adui tangu mwanzo hadi mwisho atawashangiliza watazamaji, lakini atakuwa amesimulia filamu nyingine, iliyo ndogo kuliko ile inayoonekana kwenye kioo.

Vikwazo hivi havithibitishi kwamba sanaa ya msimulizi ni duni. Vinathibitisha kwamba ina vipimo vya juu ambavyo inaweza kudaiwa, na jambo hilo peke yake ni dalili ya sanaa.

Lugha ya Msimulizi

Shutuma kwamba msimulizi anaharibu Kiswahili hutolewa zaidi na walimu, nao wana sababu: husahihisha insha zilizojaa Sheng. Lakini Sheng ilizaliwa katika mitaa ya mashariki ya Nairobi kabla ya diski ya kwanza ya kung fu kusimuliwa. Msimulizi aliikuta barabarani, akaipandisha jukwaani. Historia ya opera ya Kikantoni inatoa fundisho hapa pia. Kwa muda mrefu opera hiyo iliimbwa katika lugha rasmi ya jukwaa, iliyofanana na lahaja za kaskazini na isiyokuwa lugha ya nyumbani ya wasikilizaji wake. Kikantoni cha kila siku kiliingia hatua kwa hatua mwanzoni mwa karne ya 20, na makundi yaliyotaka kuamsha fikra za mapinduzi yalikuwa miongoni mwa waliokisukuma mbele. Leo lugha hiyo iliyoonwa ya mitaani ndiyo inayohesabiwa kuwa roho ya sanaa yenyewe.

Kwa mwanaisimu, usimulizi huu una mambo ambayo hayapatikani kwa urahisi mahali pengine. Mtambaji wa ngano hutumia kiambishi -ka- kwa kuwa matukio yamekwisha kupita na yeye ndiye anayeyapanga. Msimulizi wa filamu anayaona matukio pamoja na watazamaji, lakini anajua yatakavyokwisha. Inambidi achague, sekunde kwa sekunde, baina ya -na- ya anayeona, -ka- ya anayepanga, na -ta- ya anayejua. Kila anapobadili kiambishi anabadili mahali anaposimama: ndani ya kioo, kando ya mtazamaji, au juu ya kisa chote. Kadhalika tanakali za sauti, ambazo vitabu vya sarufi huzipa ukurasa mmoja, hapa hushindana na sauti halisi ya pigo iliyotengenezwa studioni Hong Kong. Msimulizi huamua lini aiachie sauti ile, na lini aifunike kwa yake.

Udhaifu wa kweli wa lugha ya msimulizi uko kwingine. Haumo katika Sheng, bali katika upungufu wa msamiati wa hisia. Aghalabu msimulizi ana maneno mengi ya kupiga na machache ya kulia. Ana njia nyingi za kueleza jinsi taya lilivyovunjika, na moja tu ya kueleza jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu wake anayekufa. Mfano mzuri ni neno sifu, ambalo kwa Kichina huandikwa kwa alama mbili, ya mwalimu na ya baba. Neno "mwalimu" peke yake linamleta mtu wa chaki na ubao. Lakini Kiswahili kina kungwi, kina somo, kina fundi anayelea mwanagenzi mpaka aitwe fundi naye. Maneno hayo yamebeba ule uhusiano wa malezi ambao filamu nyingi za kung fu zimesimama juu yake. Msimulizi ambaye angeyaokota asingekuwa anasafisha lugha yake ili kumfurahisha mwalimu. Angekuwa anaongeza silaha katika ghala lake.

Hitimisho

Usimulizi wa filamu za kung fu katika mitaa ya mashariki ya Nairobi ni sanaa ya maonyesho. Umeirudishia filamu kitu ambacho jukwaa la Kikantoni lilikuwa nacho na filamu ikakipoteza: sauti hai inayosimama kati ya mpiganaji na mtazamaji. Mara nyingi, hata hivyo, sauti hiyo hulipamba pigo pasipo kulielezea, na hapo ndipo inapokuwa chini ya kirumbizi, chini ya Liyongo, na chini ya majahazi mekundu.

Wajibu wa idara za Kiswahili ni bayana. Diski zinachakaa, vyumba vya video vinafungwa, na sauti zilizorekodiwa miaka 20 iliyopita zinapotea pamoja na mashine zilizozicheza. Yafaa filamu moja iliyosimuliwa Nairobi ikusanywe na kunakiliwa neno kwa neno, pamoja na vicheko na majibu ya watazamaji waliokuwapo. Kisha filamu iyo hiyo iliyosimuliwa Dar es Salaam iwekwe kando yake, wanafunzi wazilinganishe kiambishi kwa kiambishi, kichekesho kwa kichekesho. Yafaa pia haki ya wenye filamu na haki ya wenye sauti zijadiliwe waziwazi, kwa kuwa mpaka sasa sanaa hii imekuwa ikiishi bila karatasi. Na wasimulizi wenyewe waalikwe darasani, si kama watuhumiwa wa makosa ya sarufi, bali kama watendaji ambao kazi yao inasomwa na inaweza kukosolewa. Mwanafunzi aliyetoka Komarock atakuwa na mengi ya kusema siku hiyo, kwa sababu somo hilo alilianza zamani, ndani ya matatu, kabla ya kufika chuoni.